Ruzuku Isomeshe Mtu

Profesa akifika Kamina kutoka Lubumbashi, kila mtu anakimbia. Somo lililotakiwa kuchukua miezi linabanwa ndani ya siku 6 au 7, asubuhi hadi jioni, kwa sababu wiki ijayo anasubiriwa mji mwingine. Jumamosi anafunga begi. Jumatatu oditwari ni tupu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hakuelewa ukurasa wa 12 wa silabusi hana wa kumuuliza.

Hiyo si siri. Wanafunzi wanaijua, wazazi wanaijua, na maprofesa wenyewe, wanaolala njiani kila mwezi, wanaijua kuliko sisi. Dawa yake nayo inajulikana: chuo kiwasomeshe maasistanti wake hadi wapate udaktari, kiwabakize hapa hapa, na kiwaweke karibu na wanafunzi wanaoanza. Kila ruzuku inayoingia katika vyuo vya jimbo letu ingepaswa kuanzia hapo. Lakini kila mara tunaanzia kwingine.

Tunaanzia kwenye semina. Ukumbi wa siku 3, bango la kitambaa, daftari lenye nembo ya mfadhili, chakula cha mchana, posho, cheti, picha ya pamoja. Semina yenye somo la maana inafaa, hasa kwa mwalimu anayejifunza kutunga mtihani au kufundisha darasa kubwa. Lakini hakuna aliyepata udaktari kwa kukusanya vyeti vya siku 3, na bila udaktari mtu haitwi profesa katika vyuo vikuu vya Kongo. Kabati zimejaa vyeti na oditwari bado inamsubiri mgeni.

Au tunaanzia kwenye vyombo. Tumewahi kukiona chumba cha kompyuta katika chuo kimoja: mashine zimefunikwa vitambaa, juu ya vitambaa vumbi, betri za sola zimechoka, mlangoni kufuli. Hakuna aliyeiba kitu. Ila siku mradi ulipofungwa hakukuwa na fungu la kununua betri nyingine, wala mtu wa kulipwa akitunze chumba. Mfadhili alinunua ng'ombe, na hakuna aliyepanga majani yatoke wapi.

Sasa mwangalieni asistanti. Asubuhi anafundisha katika shule ya sekondari ili nyumbani bukari ipatikane. Mchana yuko chuoni, anasimamia kazi za vitendo. Usiku anasahihisha mitihani aliyoachiwa na profesa aliyekwisha kuondoka, rundo la karatasi mezani, tochi ya simu ikining'inia kwenye msumari. Kichwa cha tasnifu yake anacho, ameshakiandika na kukifuta mara nyingi. Anachokosa ni nauli ya kwenda Lubumbashi kuonana na promota wake anayemwongoza katika tasnifu, ada ya kujiandikisha, miezi michache ya kukaa maktaba, intaneti ya kusomea makala za wenzake, na barua ya mkuu wake inayompunguzia vipindi. Mahitaji hayo yanaingia kwenye kipande cha karatasi. Yaandikeni, muone kama hayaingii ndani ya bajeti ya semina mbili tatu.

Wapo wanaosema mambo haya ni mawili: kusaidia wanafunzi ni programu moja, kuendeleza walimu ni nyingine, kila moja na ofisi yake. Hapana. Ni jambo moja. Mtoto wa jimbo letu anayeingia mwaka wa kwanza hafeli kwa sababu ni mjinga. Amesoma sekondari isiyo na maabara, anakutana na Kifaransa cha vitabuni kinachomkimbiza, na silabusi ameinakili kwa mkono kwa kuwa hana pesa ya fotokopi. Mzazi wake ameuza mahindi na makaa kulipa minervali, yaani ada ya chuo. Akikwama wiki ya tatu, anahitaji mtu wa kumwonyesha alipopotea kabla hajapotea kabisa. Mtu huyo ni mwalimu anayeishi mji huu, anayemjua kwa jina. Hakuna programu ya wanafunzi itakayofanya kazi pasipo mwalimu huyo.

Mfumo wa LMD (Licence, Master, Doctorat) umefanya haja hiyo iwe kubwa zaidi. Sheria ya elimu ya taifa ya Februari 2014 iliufungulia mlango, na tangu mwaka wa masomo 2021–2022 vyuo vimeanza kuufuata. Licence ni miaka 3 na crediti 180. Crediti inahesabu pia kazi ambayo mwanafunzi anaifanya mwenyewe nje ya oditwari: kusoma, kutafuta, kuandika, kurekebishwa. Nani anamrekebisha ikiwa profesa yuko kilomita 600 kutoka hapa? Kubadilisha sufuria hakuivishi maharage.

Wapi jambo hili limewezekana? Tuanze nyumbani. Mwaka 2008 profesa wa kemia wa Kijerumani, Gerhard Bringmann wa Chuo Kikuu cha Würzburg, pamoja na mwenzake wa Kinshasa, Profesa Virima Mudogo, walianzisha mpango wa ufadhili unaoitwa BEBUC. Hawakuanza na jengo. Walichagua wanafunzi wenye uwezo, wakawashika mkono ngazi kwa ngazi hadi udaktari, wakiwapima mara kwa mara, kwa lengo moja lililotamkwa tangu mwanzo: warudi wawe maprofesa wa vyuo vya Kongo. Mpango ulianza na wachache Kinshasa, ukafika Lubumbashi, Bukavu na Butembo. Butembo haina utajiri wa kutushinda, wala barabara zake si laini kuliko zetu.

Tazameni Makerere. Tangu mwaka 2000 Uswidi, kupitia shirika lake la Sida, ilielekeza msaada wake kwenye kusomesha wahadhiri wa chuo hicho hadi udaktari. Mpangilio wake ulikuwa wa akili: mhadhiri alikaa Uswidi kwa vipindi vifupi, kisha akarudi Kampala kufanya utafiti juu ya mambo ya Uganda, akiwa bado mfanyakazi wa Makerere. Familia yake ilikuwa pale, wanafunzi wake walikuwa pale, swali alilolitafutia jibu lilikuwa pale. Mtu wa namna hiyo ana sababu ya kubaki.

Tanzania nayo, mwaka 2021, ilichukua dola milioni 425 za Benki ya Dunia kwa mradi wa vyuo vikuu unaoitwa HEET. Majengo yamo, maabara zimo, na wahadhiri wanaopelekwa kusomea shahada za uzamili na udaktari wamo ndani ya mpango ule ule. Yaani aliyepanga chumba cha maabara alimpanga pia atakayefundisha ndani yake.

Tusijidanganye kwamba kwetu fedha hazijawahi kufika. Mwaka 2015 Benki hiyo hiyo iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa PEQPESU, wa kuboresha elimu ya sekondari na ya vyuo vikuu nchini Kongo. Kila mradi una tarehe ya kufungwa, mkubwa na mdogo. Siku hiyo swali ni moja tu: nani amebaki anayejua kitu ambacho hakukijua kabla? Gari litachakaa, betri itakufa, bango litaliwa na mchwa. Aliyesomeshwa ataendelea kufundisha miaka 30.

Historia yetu yenyewe inatufundisha. Chuo kikuu kilipofungua milango Élisabethville mwaka 1956, maprofesa wake walitoka Ubelgiji. Lubumbashi ya leo inafundishwa na Wakongomani, kwa sababu palikuwa na watu waliolelewa darasani, wakapanda kutoka uasistanti hadi uprofesa. UNIKAM, Chuo Kikuu cha Kamina, ilizaliwa kama tawi la UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mama alikua kwa kulea wake. Mtoto naye ana njia hiyo hiyo, hakuna ya mkato. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wazee walisema, na profesa wa kuazima hawezi kukaa na mwanafunzi mwezi mzima.

Visingizio tumevisikia vya kutosha. Tuvijibu kimoja kimoja.

Cha kwanza: "Mfadhili ndiye anayechagua." Mfadhili anachagua kati ya anavyoletewa. Ukimpelekea ombi la kompyuta 20, atakujibu juu ya kompyuta 20. Mpelekee karatasi yenye majina ya maasistanti 5, vichwa vya tasnifu zao, majina ya mapromota waliokubali kuwaongoza, na tarehe ambayo kila mmoja anatarajiwa kumaliza. Wafadhili wengi hawajawahi kupata karatasi kama hiyo kutoka jimbo la mbali, na wangefurahi kuipata.

Cha pili: "Wakishasoma hawarudi." Wengine hawarudi, ni kweli. Lakini jiulizeni wanarudia nini. Mtu anaondoka bila mkataba, akirudi anakuta meza yake imechukuliwa, cheo chake kimekwama kwenye faili, na hakuna aliyemtayarishia somo la kufundisha. Muandikieni mkataba kabla hajapanda treni: chuo kitampunguzia kazi na kumlipia, yeye atafundisha hapa miaka kadhaa baada ya kumaliza, na cheo chake kitashughulikiwa mwaka huo huo. Wengi wanataka kukaa kwao, tusiwafukuze kwa uzembe.

Cha tatu: "Hatuna pesa." Kila mwaka minervali inakusanywa. Tunajua inabeba mizigo mingi, na tunajua mishahara ya serikali haiwafikii wote. Hata hivyo sehemu ndogo inaweza kutengwa, ikaandikwa kwenye bajeti kwa jina lake: kusomesha walimu na kusindikiza mwaka wa kwanza. Hata ikitosha kumlipia asistanti mmoja tu kwa mwaka, basi, aanze huyo mmoja. Mfadhili akija akute moto umeshawashwa, aongeze kuni. Anayefika kwenye jiko baridi, siku anayoondoka jiko linarudia ubaridi wake.

Cha nne: "Maprofesa wageni watakasirika." Kwa nini wakasirike? Hao ndio mapromota wenyewe. Profesa anayekuja Kamina mara 2 kwa mwaka atakuwa na faida kubwa zaidi akimlea asistanti wa hapa afundishe somo hilo kwa muda wake kamili, huku yeye akija kwa masomo ya juu na mitihani ya tasnifu. Wengi wamechoka na safari, wala hawatalilia usiku wa kulala kituoni.

Basi, cha kufanya ni hiki.

Kila chuo cha jimbo kitoe orodha ya maasistanti wake wote: nani amejiandikisha udaktari, nani hajajiandikisha, nani amekwama, na amekwama kwa nini. Orodha ya namna hii inaandikwa kwa siku moja. Ikishaandikwa, kila ruzuku mpya iulizwe swali moja kabla ya kusainiwa: inamsogeza nani kwenye orodha hii? Ikiwa haimsogezi mtu, ijadiliwe upya.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wagawanywe katika vikundi vya watu 15 au 20. Kila kikundi kipewe mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye alama nzuri, akutane nao alasiri 2 kila wiki, chini ya mti kama oditwari haipatikani, wapitie hesabu, wapitie Kifaransa, wapitie silabusi. Asistanti awasimamie hao wakubwa. Yule wa mwaka wa mwisho apunguziwe ada kidogo kwa kazi hiyo. Haihitajiki saruji, haihitajiki jenereta. Inahitajika ratiba ubaoni na mtu wa kuhakikisha inafuatwa.

Halafu wahesabiwe watu. Marekani, chini ya sheria yao ya elimu ya juu ya mwaka 1965, ilikua familia ya programu zinazoitwa TRIO, za kuwasindikiza wanafunzi ambao wazazi wao hawakusoma chuo kikuu au hawana uwezo. Chuo kinachopewa fedha hizo kinatakiwa kueleza kila mwaka wanafunzi wangapi wameendelea, wangapi wana alama za kuridhisha, wangapi wamemaliza. Huko haitoshi kusema kikao kilifanyika. Tunaweza kufanya hivyo kesho bila dola hata moja: walioingia Oktoba wangapi, waliofika mwisho wa mwaka wangapi, waliopita wangapi, walioacha wangapi na kwa sababu ipi. Karatasi moja, ibandikwe ukutani pale wazazi wanapolipia minervali. Mzazi aliyeuza mahindi ana haki ya kuisoma.

Kuna jambo jingine ambalo maprofesa wa kupita hawawezi kutufanyia, hata wakiwa hodari namna gani: kuiuliza nchi hii maswali yake. Mwaka 1957 na 1958 makaburi ya kale ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, humu jimboni mwetu, yalichimbwa na watafiti wa Kibelgiji Jacques Nenquin na Jean Hiernaux. Miaka ya 1970 Mbelgiji mwingine, Pierre de Maret, akaendelea. Kazi yao ilidhihirisha kwamba zaidi ya miaka 1,000 iliyopita watu wa bonde la Upemba walikuwa mafundi wa chuma na shaba na wafinyanzi wa vyungu vya kupendeza. Tunawashukuru. Lakini anayetaka kujifunza habari za babu zetu wa Kisale analazimika bado kuzisoma kwa Wabelgiji. Ni samaki wangapi wamebaki katika maziwa ya Upemba? Kwa nini mahindi ya Kamina yanaoza ghalani huku Lubumbashi inanunua unga wa Zambia? Reli iliyofika Bukama mwaka 1918, na iliyoifanya Kamina kuwa njia panda ya kwenda Lubumbashi, Ilebo na Kabalo, itahudumiaje tena mkulima? Maswali haya yanahitaji mtu anayeamka hapa, anayeona mvua inavyonyesha hapa, mwenye wanafunzi wa kuwatuma vijijini na muda wa kuwasubiri warudi.

Tunawaomba wakuu wa vyuo: msianze na ujenzi, anzeni na orodha. Tunawaomba wafadhili, wa kanisa na wa serikali, wa karibu na wa ng'ambo: kabla ya kulipia semina nyingine, ombeni kuonyeshwa orodha hiyo. Tunawaomba wazazi: siku ya kulipa minervali, ulizeni kwa adabu mwaka huu ni asistanti yupi anayesomeshwa, na watoto wenu watasindikizwa na nani. Na ninyi maasistanti, msingoje kuitwa. Andikeni kile kipande cha karatasi, kila hitaji na bei yake, mkiweke juu ya meza ya mkuu.

Mwaka wa masomo utaanza tena, na vijana wa jimbo letu watapanga foleni kujiandikisha wakiwa wameshika pesa za mahindi mkononi. Chuo kiwe na jina la mtu atakayekuwa bado yuko hapa Jumatatu ile profesa ameondoka. Hata jina moja, mwaka huu.